Lushoto wikiendi moja na mama mwenye magoti mabovu: picha za mandhari nipige wapi?

KameraYaMtumba
Wakuu, habari za jioni. Natoka Dar Ijumaa asubuhi kwa basi, Jumapili narudi. Naenda Lushoto, kule milima ya Usambara, na bi mkubwa. Magoti yanamsumbua, ngazi chache anaziweza, kupanda mlima hapana. Sitaki kumwacha gesti anaangalia ukuta huku mimi nazurura na kamera. Nina lenzi ya kawaida ya 18-55 na stendi. Nimeorodhesha Irente, Soni, Magamba, Mtae na Mambo. Vyote vitaingia? Huko juu nitakodi gari.

KondaMstaafu
Hiyo orodha ni ya wiki nzima, mkuu. Mtae ni kama kilomita 60 kutoka Lushoto mjini, na Mambo iko upande huohuo. Kona juu ya kona, vumbi, mvua ikinyesha utelezi. Ukienda na kurudi siku moja utafika saa ya jua kali, upige picha nyeupe, ugeuze. Achana nayo safari hii.

Mshambaa_Halisi
Konda anawatisha watu bure. Mtae haina mpinzani: kijiji kimekaa kwenye mgongo wa mlima, ukigeukia huku unaona mabonde, huku tambarare za Mkomazi, na alfajiri ukungu unakuwa chini yako. Ila nakubali jambo moja, Mtae ni ya kulala hukohuko. Bila kulala, bora usiende.

DadaWaSoni
Kaka, Irente ndiyo yako. Ni kilomita chache tu toka mjini na gari inafika karibu kabisa na ukingo wa genge. Kuna hoteli palepale juu ya genge. Mama akae na chai yake anaangalia mandhari yaleyale unayopiga wewe. Beba hela ndogondogo za kiingilio. Njiani kuna shamba la Irente la Walutheri, wanauza jibini, jemu na mkate. Kina mama hupapenda sana.

Maporomoko ya Soni mtayapita mkipanda kutoka Mombo, yako kando ya barabara. Usiyafungie safari.

Lenzi_Kuukuu
Naongezea habari ya mwanga, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Irente inatazama magharibi. Asubuhi na mapema jua liko nyuma ya milima, kwa hiyo kivuli cha genge kinalala juu ya tambarare ya Wamasai na nusu ya picha inakuwa giza. Subiri mpaka saa tatu au nne hivi, kivuli kijirudishe. Hapo ndipo utaona mistari ya mashamba ya mkonge kule Mazinde chini, karibu mita elfu moja chini yako.

Jioni uwe umefika saa kumi na moja. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi hivi, kutegemea mwezi, lakini rangi nzuri kwenye miamba inakuja kabla. Weka mwamba au mti mbele ya picha. Ukipiga bonde tupu kwa 18, yaani lenzi ikiwa pana kabisa, linatoka kama ramani ya shuleni, halina kina. Kiangazi kuna vumbi jingi hewani, mbali panafifia; basi ivute lenzi mpaka 55 upige tabaka za milima peke yake.

Ushauri wangu: Ijumaa jioni Irente, Jumamosi jioni Irente tena. Mahali pamoja kwa jioni mbili ni bora kuliko sehemu tano za kukimbizana. Jumamosi asubuhi nendeni taratibu barabara ya Magamba, simameni popote penye matuta ya kabichi na karoti. Mama hata kwenye gari hashuki. Wakulima waombe ruhusa kabla ya kuwaelekezea kamera.

KameraYaMtumba
Asanteni sana. Mtae nimeifuta. Na ukungu ukifunga kabisa pale Irente?

DadaWaSoni
Kaeni. Unaweza kufunga huoni mkono wako, mara upepo ukavuma bonde lote likafunguka. Kama ni Juni hadi Agosti mama avae sweta na kitenge juu, huku si Dar. Na wewe usisogelee ukingo kwa ajili ya picha, mawe yana utelezi.

KondaMstaafu
Na dereva mpatane hela ya kumsubirisha mkiwa bado mjini. Giza likishaingia kule juu, bei anapanga yeye.