Naomba ushauri: faida ya benki katika nchi zinazotumia yuro

Waungwana, ninaandika tasnifu ya uzamili hapa Mombasa kuhusu faida ya benki katika nchi za yuro. Kati ya Julai 2022 na Septemba 2023, Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba ya amana (inayozilipa benki kwa fedha zinazoweka kwake) kutoka asilimia 0.5 chini ya sifuri hadi asilimia 4, lakini faida haikukua sawasawa: Ureno, ambako mikopo mingi ya nyumba ina riba inayobadilika, mapato yalipanda upesi, ilhali Ufaransa riba za mikopo hiyo kwa kawaida hazibadiliki, na riba ya baadhi ya akaunti za akiba hupangwa na serikali.

Msimamizi wangu anasisitiza mikopo isiyolipika na ukubwa wa benki. Mimi, labda kwa ukaidi, naona aina ya mkataba wa mkopo ina uzito zaidi. Je, niupime uzito huo kwa kulinganisha nchi, au benki moja moja?