Mwanamuziki akifanya unyago kuwa utafiti wake wa chuo kikuu, amekosa nini?

MLETA MADA: Wadau, kuna kauli inayozidi kusikika: mwanamuziki akisomea uzamivu kisha akajikita kwenye jinsia na mambo ya unyumba katika kufundisha muziki, ameacha fani na kufuata mkumbo wa Wazungu. Sikubali.

Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, Abeles na Porter, walionyesha watu wa kwao wanavyogawa ala: filimbi, klarineti na fidla za wasichana, ngoma, tarumbeta na tromboni za wavulana. Sasa njoo Zanzibar. Ngoma ya unyago, ya kumfunda mwari, hupigwa na wanawake. Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu na unyago, aliupiga msondo, ile ngoma ndefu, wima, ameufunga kiunoni, hata uzeeni. Na fidla je? Kwenye vikundi vikongwe vya taarabu wanawake waliimba, fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) zikabaki kwa wanaume miaka mingi, mpaka akina mama wa Tausi, kundi la taarabu la wanawake watupu, wakazishika wenyewe. Mgawanyo wa Marekani kwetu umepinduka. Nani atauchunguza vizuri kuliko mwanamuziki wa hapa?

Tena unyago ni darasa. Somo (wengine humwita kungwi) anaimba, wenziwe wanaitikia, mwari anafundishwa kukata kiuno kwa kufuata mdundo. Ukiondoa unyumba hapo, umeliondoa darasa lenyewe.

MCHANGIAJI: Dada yangu, la ala nimekuelewa. Lakini mambo ya ndani yana miiko. Bibi zetu walifunga mlango, asiyechezwa unyago haingii. Leo mtu anaziandika nyimbo zote kwenye tasnifu, anaitwa daktari, na bibi aliyemfundisha anabaki na nini? Kwangu huo ni wizi.

MLETA MADA: Kaka, hilo la bibi kubaki mikono mitupu linaniuma hata mimi. Basi tudai haki yake: nyimbo za ndani zisinukuliwe bila ridhaa yake, atajwe kama mwalimu akipenda, na alipwe kama mhadhiri. Aliyechezwa mwenyewe anajua lipi la kuandika na lipi la kuacha. Ila binti kukataliwa mada kwa sababu wakubwa wa idara wanaona haya, hapana. Wageni wameshaandika kuhusu unyago na taarabu, na wataendelea.

Walimu wa muziki mliomo humu, tuambieni: msichana akija kuomba kujifunza ngoma, mnampa ngoma au mnamwelekeza kwenye kwaya?