Wanaopandisha mbwa wa Chihuahua: utepe wa maonyesho haupimi goti!

Wakuu, salaam. Huu ni uzi wa kulalamika, wenye kukereka wakereke.

Kila wiki tangazo ni lile lile: "Dume bingwa, kichwa cha tufaha, kilo moja na nusu, anapandisha." Chini yake picha ya utepe na bei. Ukiuliza magoti yamepimwa lini, unatumiwa cheti cha ukoo. Cheti kinamjua baba na babu, magoti hakiyajui. Jaji naye humwona mbwa mezani dakika chache tu, akatazama kichwa, mgongo na mwendo. Mbwa huyo anafanya nini mgeni akibisha hodi? Jaji atajuaje?

Na kupima goti hakuhitaji mashine. Daktari wa mifugo anamlaza mbwa ubavu, ananyoosha mguu wa nyuma, anaisukuma pia ya goti (kile kifupa cha mbele ya goti) kwa kidole gumba, ndani kisha nje. Isipotoka ni daraja 0. Ikitoka na kurudi yenyewe akiiachia, ni la 1. Ikibaki nje mpaka irudishwe au mbwa anyooshe mguu, la 2. La 3 hukaa nje muda mwingi na hata ukiirudisha hutoka tena, la 4 hairudi kabisa. Dalili yenyewe ndiyo ile mnayoichekea kwenye video: mbwa anakimbia, anaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, kisha anaendelea kama kawaida. Halafu huyo huyo mnampandisha! Msipime mtoto wa miezi mitano mkatangaza "magoti safi". Pimeni akishatimiza mwaka, mrudie baadaye, maana goti hulegea hata ukubwani.

Sisemi kila mwenye dosari atupwe. Dume wa daraja la 1 mwenye moyo mzima na tabia tulivu anaweza kupewa jike wa 0, watoto wakafuatiliwa. Kuanzia la 2, hapana, hata kabati lijae makombe. Lakini mkiondoa kila mbwa kwa kasoro moja mtabaki na dume mmoja, mwishowe mtampandishia binti yake mwenyewe, na kiwango cha undugu kwa watoto hao ni 25%, sawa na cha watoto wa kaka na dada waliopandishana.

Udogo sasa. Vigezo vya American Kennel Club, chama cha Marekani cha kusajili mbwa, vinaweka kikomo cha juu, pauni 6, kama kilo 2.7. Cha chini hakuna, na hapo ndipo wajanja wanapopenyea na "Chihuahua wa kikombe cha chai", uzao ambao haupo. Mtoto wa namna hiyo akikaa saa chache bila kula sukari inashuka: anayumba, analegea, anashikwa na degedege. Mnunuzi anakabidhiwa wa wiki sita ili aonekane kadogo, bila kuambiwa amlishe mara 4 hadi 6 kwa siku na awe na asali ya kumpaka kwenye fizi. Jike mdogo kupita kiasi naye ana nyonga nyembamba na watoto wenye vichwa vikubwa. Gharama ya upasuaji wa kumzalisha mmeiweka kwenye hesabu?

Rangi ya merli (mabaka ya kijivu) sina maneno mengi. Merli kwa merli, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anarithi pande zote mbili, na huyo yuko hatarini kuwa kiziwi, kipofu au vyote. Mbwa wa rangi ya krimu anaweza kuificha, kwa hiyo kipimo cha DNA, si macho yenu.

Linaloniudhi kuliko yote ni tabia. Mbwa wa kilo mbili akiuma watu wanacheka, basi jike anayetetemeka na kung'ata anazalishwa kila joto. Woga huo hurithiwa, na watoto hujifunza wakimtazama mama yao. Wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ndipo mtoto anapozoea watu, mikono, kelele za blenda na pikipiki. Ninyi wiki hizo mnawafungia kwenye kreti stoo, na mnunuzi akija mama anafichwa.

Haya, mwenye dume hapa jukwaani aweke karatasi ya magoti yenye tarehe na umri wa mbwa, pamoja na video ya mama akipokea mgeni mlangoni. Picha ya utepe tumeshaiona.