Daladala imebanana mlangoni, nyuma kweupe. Kwa nini?

MamaShani_Ukonga:
Habari zenu wadau. Asubuhi napandia Ukonga Mombasa kwenda Kariakoo. Mlangoni tunabanana mpaka kuna anayening'inia, konda anapiga kelele "sogeeni nyuma jamani, nyuma kweupe!" Nikichungulia, kweli kweupe. Hasogei mtu. Ni ustaarabu umetushinda au gari lenyewe limekaa vibaya?

Mzeewabusara:
Ustaarabu tu. Tunapenda mlango kama inzi.

FundiBodi_Tz:
Mzee, usiwaonee abiria. Nimepiga ukonda kwenye Coaster njia hiyohiyo kabla sijaingia gereji. Aliyepandia Gongo la Mboto na anashukia Banana, akizama mpaka siti ya nyuma atatokaje? Mlango ni mmoja, kupanda humo, kushuka humo. Katikati ya viti anapita mtu mmoja tu, na mwenye begi mgongoni ndiyo usiseme. Abiria kashapiga hesabu: bora abanwe mlangoni kuliko kupitilizwa kituo.

Halafu tazama mabomba ya kushikia. Karibu na mlango yapo, nyuma unashika mgongo wa siti ya mtu anayesinzia. Dari nalo liko chini, mrefu anasimama shingo upande. Nani aende huko kwa hiari?

Vile viti vya kukunja vya katikati ndiyo balaa. Wa dirishani akisema "shusha", mstari mzima unainuka, unakunja, unapisha, unakaa upya. Suka, yaani dereva, huku anapiga resi, trafiki anamwangalia.

Kuna tajiri, mwenye gari, tuliwahi kumng'olea siti mbili zinazotazamana na mlango, tukasimika bomba. Watu wakawa wanapishana vizuri kabisa. Baadaye akataka zirudi! Asubuhi watu wanasimama, lakini saa nane mchana abiria akikosa siti anashuka, anapanda gari la nyuma yake. Na hesabu ya jioni, pesa ya kumpelekea tajiri, inamsubiri konda palepale.

MamaShani_Ukonga:
Mbona mabasi ya mwendokasi yanajaa vilevile lakini kushuka siyo vita?

FundiBodi_Tz:
Milango mingi na mipana, sakafu iko sawa na jukwaa la kituo, tiketi umeshakata nje. Curitiba kule Brazili walishaanza hivyo mwaka 1991, na vituo vyao vya vioo vyenye umbo la bomba: unalipa kabla gari halijafika. Ndani hakuna konda anayejipenyeza kudai nauli. Konda mwenyewe ni kizibo, nasema hivyo na nilikuwa mmoja wao.

Mbongo_Ughaibuni:
Huku London waliingiza basi la ghorofa mwaka 2012, milango mitatu, ngazi mbili. Kupanda na kushuka chapuchapu. Mwaka 2020 wakaanza kulazimisha watu wapandie mbele tu, maana wa milango ya nyuma walikuwa wanakwepa nauli.

FundiBodi_Tz:
Ndiyo hiyo sasa. Ukimtobolea tajiri mlango wa pili kwenye Coaster, atakuuliza konda wa pili analipwa na nani.

MamaShani_Ukonga:
Kwa hiyo mimi wa Kariakoo nifanyeje?

FundiBodi_Tz:
Wewe dada unashukia mwisho wa gari, zama nyuma moja kwa moja. Mpaka Tazara utakuwa umeshapata siti.

Mzeewabusara:
Na akipata, konda atamwambia asogee, siti ya watu watano.