Halmashauri inataka kuruhusu maghorofa mtaani kwetu: nisaini pingamizi?

MamaBustani:
Wakuu, naombeni mawazo. Mtaa wetu tangu upimwe ni wa ujazo mdogo, kiwanja kimoja nyumba moja. Sasa limebandikwa tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi ili ziruhusiwe nyumba za kupangisha hadi ghorofa nne. Siku za kuweka pingamizi zimebaki 12, na majirani wameniletea karatasi ya kupinga. Wote walionitangulia wamesaini.

Mkono umekuwa mzito. Binti yangu ana mtoto mchanga na amepanga mwendo wa saa mbili kutoka hapa, kwa sababu huku hakuna nyumba ndogo za kupanga. Ila ghorofa nne zikisimama upande wa mashariki, jua la asubuhi nalisahau, na bomba la maji taka hata sasa linafurika mvua ikinyesha. Nikisaini namfungia mwanangu mlango, nisiposaini naitwa msaliti.

Kipimo:
Dada, nimefanya kazi ofisi ya mipango miji miaka kadhaa. Hiyo ni ruhusa, si amri. Anayetaka kubaki na nyumba yake ya chini anabaki nayo. Nusu ya wanaosaini hudhani tingatinga linakuja Jumatatu.

Halafu usihesabu ghorofa peke yake. Uliza sakafu zote kwa pamoja zinaruhusiwa kuwa mara ngapi ya kiwanja. Kiwanja cha mita za mraba 1,000 kikiruhusiwa mara 1.5, sakafu ni mita 1,500, basi. Zinaweza kuwa ghorofa tatu za mita 500 au tano za mita 300, na hizo tano zinakuachia uwazi mkubwa zaidi chini. Uliza pia jengo litakaa umbali gani kutoka mpakani. Hofu ya kivuli si ya kuchekwa: New York ilipopitisha sheria yake ya kanda, ile inayopanga kipi kijengwe wapi, mwaka 1916, kichocheo kimojawapo kilikuwa jengo la Equitable lililopanda wima na kuzitia barabara giza. Hawakupiga marufuku majengo marefu, waliyalazimisha yarudi nyuma kadiri yanavyopanda.

MzeeWaHati:
Maneno ya ofisini hayo. Kwetu niliunga mkono. Ardhi ikapanda bei, kodi ya kiwanja ikafuata, wastaafu wakauza. Vilivyojengwa ni vya wenye pesa. Huyo binti hatapanga humo.

Chizi_Mpole:
Saini kwa mkono wa kushoto, useme si wewe 😂

MpangajiSugu:
Mzee, waliruhusu mtaa wenu tu au mji mzima? Hapo ndipo penye tofauti. Jiji la Auckland, New Zealand, mwaka 2016 liliruhusu nyumba nyingi zaidi kwenye takribani robo tatu ya ardhi ya makazi kwa mkupuo, na vibali vya nyumba za kushikana vikaongezeka sana. Ukifungua mtaa mmoja, wajenzi wote wanakimbilia huohuo, bei lazima iruke.

MzeeWaHati:
Ulikuwa mtaa wetu tu. Hilo nakubali.

Kipimo:
Basi dada, hilo nalo liulize: kwa nini mtaa wenu peke yake? Na huhitaji kuchagua kati ya karatasi ya majirani na kunyamaza. Andika barua yako. Ofisini kwetu karatasi yenye majina 60 ilihesabiwa pingamizi moja, wakati barua yenye hoja ilijibiwa hoja kwa hoja. Kwenye maji taka usiseme "yatafurika". Dai kibali chochote kisitoke kabla bomba halijapanuliwa.

MamaBustani:
Nimerudi. Karatasi sijasaini. Nimeandika kurasa mbili: nakubali ghorofa tatu, umbali wa mpakani uongezwe upande wa mashariki, bomba kwanza, na mitaa jirani iingizwe. Jirani wa kushoto kaisoma, kanuna, kisha kaomba nakala. Naipeleka kwa diwani?

Kipimo:
Diwani mpe nakala. Halisi peleka masjala, na nakala yako igongwe mhuri wenye tarehe kabla hujatoka mlangoni.