Naomba ushauri: wimbo wa muheme unaomsema diwani, niuweke YouTube?

Habari zenu wakuu. Nipo Chamwino, Dodoma. Tangu mwaka jana nawarekodi kwa simu kina mama wa kijijini wakipiga muheme (ngoma ya asili ya Wagogo), video naziweka YouTube. Wafuatiliaji 1,000 tumeshapita, ila saa 4,000 za kutazamwa ambazo YouTube inataka ndipo ilipe hela ya matangazo bado, kwa hiyo hela hakuna. Sasa wametunga wimbo wa Kigogo unaomsema diwani kuhusu kisima kibovu (unachekesha kweli!). Uwanjani waliuimba, hakuna aliyenuna. Mtandaoni ndiyo naogopa. Nimejaribu kusoma kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, lugha ya kisheria imenishinda.

Je, chaneli ndogo kama yetu inahitaji leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania)? Na mapato yakianza, kina mama niandikishane nao vipi?