Janga likija tena: tupangiwe bei, au tupangiwe kiasi cha kununua?

Mleta mada (mwenye duka, Temeke)

Wakuu, salamu. Nina duka la rejareja huku Temeke, na kuna jambo la mwaka 2020 ambalo kila likiguswa kijiweni watu wanatoka wamenuniana. Nimeona nililete huku.

Machi 16 mwaka ule alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona, kule Arusha. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Wiki hiyohiyo mteja wangu wa siku nyingi, mwenye gari, akaja akabeba mchele kilo hamsini, katoni ya sabuni na ndimu zote zilizokuwa kwenye ungo, maana watu walikuwa wanazichemsha na tangawizi kujikinga na corona. Nyuma yake kasimama mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga. Anataka mafuta ya kipimo, kipande cha sabuni na ndimu mbili. Ndimu hakupata.

Sasa angalieni: siku ile sikumpandishia mtu bei hata kidogo. Bei ilikuwa ileile, na bado yule mama alikosa. Ndiyo maana nikisikia watu wanadai eti janga likija serikali itoe bei elekezi, nauliza: inamsaidia nani? Anayenunua kwa kipimo hana uwezo wa kuhodhi. Ukishusha bei bila kuweka ukomo wa kununua, umemshushia mwenye gari.

Na bei elekezi tuliionja. Aprili, Ramadhani ikibisha hodi, sukari ikapangiwa bei, Dar es Salaam shilingi 2,600 kwa kilo. Mimi kwa jumla nilikuwa naipata kwa bei inayokaribia hiyohiyo, bado nauli ya bodaboda na mifuko. Nikaacha kuiuza. Majirani zangu wengine waliiuza, ila chini ya kaunta, kwa mtu wanayemjua. Naomba hoja, siyo matusi.

Wa Kariakoo, jumla

Ukomo ni ndoto, mkuu. Utamwambia mtu kilo mbili tu, atawatuma watoto watatu na dada wa kazi. Utasimama mlangoni na orodha ya ukoo wao?

Mkulima, Same

Mnabishana juu ya ungo wakati shina liko huku kwetu. Tangawizi inakaa ardhini miezi minane mpaka kumi. Watu wote mjini wakianza kuichemsha wiki moja, hakuna bei itakayoifanya ikomae haraka. Mwaka ule walanguzi walikuja mpaka shambani, wakatushawishi tung'oe changa. Tuling'oa, njaa haina adabu. Bei mliyoilalamikia huko mjini mimi sikuiona, iliishia njiani. Halafu kijiji kizima tukapanda kwa tamaa, na tulipovuna hofu ilikuwa imepoa, mnunuzi anatupangia anavyotaka. Hayo ya bei elekezi na ukomo mnayazungumza kama vile bidhaa inazaliwa dukani.

Muuguzi, Mwanza

Mimi niko upande wa mleta mada, na sababu yangu ni barakoa. Tarehe 3 Machi 2020, kabla corona haijatangazwa hapa kwetu, Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba bei ya barakoa za hospitali imepanda mara sita na kwamba watu wanazihodhi. Mara sita! Mtu wa kawaida alikuwa na njia nyingine, mafundi cherehani walishona za kitenge na zikatusitiri. Mimi naingia wodini na ipi? Kwa vitu vya namna hiyo ukomo haukwepeki.

Taiwan walifanya. Kuanzia Februari 6 mwaka ule, barakoa mbili kwa mtu kwa wiki, unaonyesha kadi ya bima ya afya, bei moja. Hayo ya kutuma watoto hayakuwa na nafasi, kadi ina jina.

Wa Kariakoo, jumla

Dada muuguzi, Taiwan karibu kila mtu ana hiyo kadi. Mtaani kwako wangapi wana bima?

Muuguzi, Mwanza

Wachache. Hapo umenishika.

Jirani kutoka Nairobi

Huku Kenya tuna sheria ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu tangu 2011. Na Machi 2020 mamlaka ya ushindani iliamuru supamaketi moja irudishie wateja pesa, ilikuwa imepandisha bei ya dawa ya kusafishia mikono. Kwa hivyo msiseme kudhibiti hakufanyi kazi. Lakini angalieni ni nani aliyerudishiwa: mwenye risiti. Mama mboga hatoi risiti.

Kilichotuumiza zaidi ni saa. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mtu wa mjengo hulipwa jioni, pesa ya leo ndiyo unga wa leo. Akishatoka kazini, kibanda kinafungwa na polisi wako barabarani. Yule angefurahi na bei yoyote, bora apate duka lililo wazi. Jambo moja lililomfaa ni kuondolewa ada ya kutuma pesa kwa M-Pesa, hadi shilingi elfu moja. Hiyo iliendelea mpaka mwisho wa mwaka. Alituma nyumbani mia mbili mchana, mke akanunua mapema. Mnisamehe kama nimetoka nje ya mada, ila naona nyote mnaongelea bei na kilo kana kwamba maskini ana pesa mkononi asubuhi.

Mleta mada

Jirani, hujatoka nje kabisa. Hilo la saa sikuwa nimelifikiria, na mkulima naye kanigusa.

Ila Kariakoo nakubishia. Duka la jumla halijui wateja wake, hapo uko sahihi. Duka la mtaa linawajua. Mimi najua nyumba gani ina watoto wangapi, nani kafiwa, nani hajalipwa mshahara, yote yamo kwenye daftari la mkopo. Mtoto wa mwenye gari akija mara ya tatu nitamrudisha, na hatashangaa.

Wa Kariakoo, jumla

Na siku ile mbona hukumzuia baba yake?

Mleta mada

Alilipa taslimu. Sina jibu zuri kuliko hilo.

Mkulima, Same

Yule mama wa mihogo aliishiaje?

Mleta mada

Siku iliyofuata nilimfichia ndimu chini ya kaunta. Alipopita akaniambia keshapata kwa jirani, mbili kwa mia tano. Ile mia tano ndiyo ilikuwa ya mafuta. Mafuta nikamwandikia kwenye daftari, na bado yamo.